Nafasi Uliyoinyima Puti

Nafasi uliyoinyima puti, mvua huichukua. Ndivyo alivyosema Mama Ngogo juzi kwenye kikao cha harusi, akimwambia bwana harusi mbele ya wazee wote, nanyi mkacheka mpaka mkashindwa kumaliza chai. Leo mmenijia jikoni, mnachochea moto wangu bila kuombwa, mnataka kujua puti na ndoa vina undugu gani. Haya. Maneno haya yana kwao, na kwao ni hapahapa Itundulu. Nitawaeleza yalivyozaliwa, ila mtu asinikatize, na hicho chungu cha viazi msikiache kikaungua.

Zamani kijiji hiki kilikuwa na fundi seremala mmoja aliyeitwa Obedi Chaula. Baridi ya huku Ukinga mnaijua wenyewe. Dirisha la mbao ukilifunga unakaa gizani mchana kutwa, ukilifungua meno yanagongana. Kwa hiyo aliyeweza kupata kioo alitafuta kioo, na aliyepata kioo alikwenda kwa Chaula amtengenezee fremu. Hakukuwa na mwingine. Alikuwa na mkono mwepesi na jicho kali, na alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Basi fundi huyu alikuwa na desturi yake. Siku ya kukabidhi madirisha aliwaita mwenye nyumba na majirani. Alichukua fremu ambayo kioo kimeingizwa lakini bado hakijapigwa msumari wala kupakwa chochote, akaiinua juu ya kichwa chake mwenyewe, kioo kikitazama chini, akasimama hivyo mtu mmoja akihesabu mpaka kumi. Kioo hakikuanguka. Kilibanwa na mbao pande zote nne. Watu walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na Chaula akaishusha fremu taratibu kama mtu asiyejali. Alijali sana. Makofi yale alirudi nayo nyumbani, akalala nayo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kiini. Fremu ya kioo huchongwa kidato ukingoni, kingazi kidogo ambacho kioo kinakalia. Mafundi wengine walikichonga kipana ili kioo kikae kwa raha na puti ipate pa kuingia, yaani unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya kitani, laini kama donge la ugali, ambao ukikauka unashika kioo na kuzuia maji. Chaula alikichonga kidato chake chembamba kama ukucha, na kioo akakipima mpaka kikaingia kwa kusukumwa na kiganja. Kwake yeye nafasi ilikuwa dalili ya uvivu. Alisema puti ni dawa ya fundi asiyejua kupima.

Na aliyepaka puti alikuwa nani? Sekela, mjane wa mdogo wake. Alikuwa Mnyakyusa wa kule Tukuyu, ambako mvua haina likizo, na kazi ya vioo alifundishwa na baba yake kabla hajafunga kitambaa cha bibi harusi. Marehemu mume wake alimwachia ndoo, kisu cha puti na almasi ya kukatia kioo. Chaula hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Ndugu yake alipofariki alimwita Sekela akamwambia, "Shemeji, karakana hii ni yako. Kazi ya puti haitaguswa na mtu mwingine." Na kweli haikuguswa na mwingine. Ila ilikuwa kazi gani? Kwenye kidato kile Sekela alipitisha puti nyembamba kama wanja, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa imebanduka.

Siku moja aliweka kisu chini.

"Shemeji, hapa umeniachia njia ya sisimizi. Nipe upana wa kidole."

"Kidole cha nani?" Chaula aliuliza, hakuinua macho kwenye randa.

"Chako. Ni kinene."

"Nikikupa kidole, kioo kitacheza. Kikicheza, nitakiinua vipi mbele za watu?"

"Kwani watu ndio wanaolala kwenye dirisha lako? Mvua ndiyo inayolala hapo. Hiyo nafasi unayoninyima mimi, mvua itaichukua."

Chaula alicheka mpaka akashika kiuno. Mashemeji huku kwetu wana ruhusa ya kuchokozana, na yeye aliyachukua maneno yale kama uchokozi. "Wanyakyusa mna maneno," alisema, akaendelea na kazi. Sekela naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Mwaka huo kijiji kiliamua kujenga chumba cha wazazi kwenye zahanati. Mpaka wakati huo mwanamke aliyeshikwa na uchungu alibebwa kwa machela hadi hospitali ya bondeni, mwendo wa saa nne, na wakati wa mvua ile njia ni utelezi mtupu. Eliwaza, binti pekee wa Chaula, alibebwa hivyo mwaka uliotangulia. Walipofika bondeni mtoto alikuwa ameshapotea. Chaula alikuwa ameshika machela upande wa kichwani, akamsikia binti yake akinyamaza njiani, na ukimya ule haukumtoka masikioni. Sasa Eliwaza alikuwa mjamzito tena. Kwa hiyo wengine walipobeba mawe na mchanga, Chaula alisema, "Madirisha niachieni mimi," akatoa mbao zake mwenyewe, zile alizozikausha miaka mitatu darini akizitunzia kazi ya maana.

Alitengeneza fremu sita za kufunguka kwa bawaba, mbili kwa kila dirisha. Siku ya kukabidhi, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Aliziinua zote sita, moja baada ya nyingine. Mzee Fungo, ambaye kila jambo la watu wengi lazima awe mbele, alihesabu kumi mara sita kwa sauti ya kanisani. Eliwaza alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya tumbo, akimtazama baba yake, na Chaula akafurahi kuliko siku nyingine zote. Nyuma ya umati Sekela alikuwa amesimama na ndoo yake, akingoja kupaka wanja.

Mvua za Novemba zikaja. Mnazijua: hazinyeshi kutoka juu, zinakuja na upepo kwa ubavu, zinaupiga ukuta kama mtu anayebisha hodi na hachoki. Siku ya pili maji yalipenya nyuma ya vioo, yakatiririka hadi kwenye kizingiti cha ndani, yakashuka ukutani hadi kwenye vitanda. Nesi Luvanda, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa akiweka kiberiti chake dirishani kwa ajili ya kuwashia jiko la kuchemshia vyombo. Alikiokota kikiwa kimelowa chapa. Alikwaruza njiti kumi na mbili, haikuwaka hata moja.

Alimwita Chaula. Chaula alikuja, akapitisha kidole chini ya kioo, kikatoka na maji. Akasema kioo hakijabana vya kutosha, akaenda kuchonga vipande vyembamba vya mbao, akavipigilia kati ya kioo na fremu ili kibane zaidi. Ndiyo dawa pekee aliyoijua. Akaondoka ameridhika. Lakini mbao ikinywa maji hunenepa, na hizi zilikuwa zimekunywa siku tatu. Kesho yake asubuhi Nesi Luvanda alisikia kah! chumbani, na kabla hajageuka akasikia nyingine. Vioo viwili vilikuwa vimepasuka toka kona hadi kona, hakuna aliyevigusa.

Chaula alisimama katikati ya chumba kofia mkononi. Nesi hakumfokea, na afadhali angemfokea.

"Fundi, mtoto mchanga silazi kwenye unyevu huu. Namwua. Kama chumba hakikauki, wazazi wote wa mwezi huu nitawaandikia waende bondeni."

"Wote?"

"Wote, baba. Na Eliwaza. Nimempima jana, zimebaki wiki tatu, pengine pungufu."

Chaula alitoka nje, akakaa kwenye jiwe mvuani kama hana nyumba. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu alikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa nzito. Aliiona machela. Aliisikia ile njia. Na katika kelele za mvua yalimrudia maneno ya shemeji yake, yale aliyoyacheka akashika kiuno.

Kutoka zahanati hadi kwa Sekela ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Siku hiyo ulimchukua muda mrefu, maana mara mbili aligeuka akarudi, mara mbili akageuka tena. Alimkuta anamenya viazi.

"Karibu, shemeji. Umelowa," Sekela alisema. "Umekuja kunipa kazi au umekuja kunipa nafasi?"

Chaula hakujibu mzaha kwa mzaha. "Nimekosa," alisema. "Vioo viwili vimepasuka. Chumba kinavuja. Nesi anataka kumpeleka Eliwaza bondeni."

Sekela aliweka kisu chini. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, aliyaweka akiba kwa muda mrefu, na yote yalikuwa ya haki. Lakini alimtazama yule mzee anadondosha maji kwenye sakafu yake, akayaacha. "Puti inataka wiki moja ishike, ikiwa chini ya paa," alisema. "Wiki tatu zinatosha, tukianza leo. Kachomoe fremu kwenye bawaba, na madirishani ufunge maturubai. Mimi nakanda unga."

Akaingia chumbani, akainama chini ya kitanda, akatoa kitu kilichofungwa kwenye blanketi kuukuu. Vilikuwa vioo viwili vya mdogo wake Chaula, alivyovinunua kabla hajafa. Sekela alikuwa hajawahi kuvifungua. Chaula alivipokea kwa mikono miwili.

Jioni ile karakana ilikuwa na watu wawili na fremu sita. Chaula alitoa vioo, akashika patasi, akaiweka kwenye kidato chake chembamba, akabaki hivyo. Kuchonga kuingia ndani kwenye ukingo ule alioulainisha kwa siku nzima kulimwuma kama kujikata ndevu za ujana. Sekela alimwekea kidole kwenye mbao, kidole chake mwenyewe kisicho kinene.

"Mpaka hapa."

"Kitacheza, Sekela."

"Kicheze. Mbao ikinenepa itakuta mahali pa kunenepea. Ulikuwa umeifungia kioo shingoni, sasa ilikuwa ifanyeje?"

Alichonga. Sekela akapaka mafuta ya kitani kwenye kidato kwanza, ili mbao isiinyonye puti ikaikausha. Akasokota puti ikawa ndefu, akailaza nyuma, juu ya kidato, kabla ya kioo. Hilo Chaula hakuwahi kuliona, kwa sababu hakuwahi kuacha mahali pa kulifanyia. Kisha akakilaza kioo juu yake, akakikandamiza polepole kwa viganja mpaka puti ikachungulia pande zote. Akapiga vijisumari, akaongeza puti kwa mbele, akaipitishia kisu kwa mshazari ili maji yateleze yasikae. Chaula alikuwa amefanya kazi na mwanamke huyu miaka sita. Usiku ule ndio mara ya kwanza alimwuliza, "Kwa nini?" Akauliza mara nyingi, na Sekela akamjibu kila mara.

Kwenye fremu ya tatu, Chaula alimshika mkono. "Ngoja. Huu ubao wa chini ni bapa. Maji yakiteremka kwenye puti yako yatatua hapa na kukaa. Nikiuinamisha kwa nje, halafu nikachimba mfereji mdogo chini yake, tone likifika ukingoni litadondoka, halitarudi ukutani."

Sekela alitazama ubao, akamtazama shemeji yake. "Hilo baba yangu hakulijua," alisema. Basi Chaula akafurahi, na nawaambieni, furaha ile ilizidi makofi yote.

Puti iliposhika walizirudisha fremu zahanati. Watu walijaa tena, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Mzee Fungo akasafisha koo ajiandae kuhesabu. "Haya fundi, juu!"

"Leo siinui kitu," Chaula alisema. "Leteni ndoo ya maji."

Watu walitazamana. Wengine walinong'ona kwamba mzee ameishiwa. Chaula alifunga dirisha, akamwomba nesi akae ndani, akalimwagia maji kwa nguvu kutoka nje, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee Fungo, kwa kukosa la kuhesabu, alihesabu ndoo. Nesi Luvanda alifungua mlango, akaonyesha kiganja alichopitisha kwenye kizingiti cha ndani. "Pakavu," alisema. Hapakuwa na makofi. Watu walitazama kiganja cha nesi, wakaelewa, wakaanza kusogea mmoja mmoja kwenda kupitisha viganja vyao. Tangu siku hiyo hapa Itundulu dirisha halikabidhiwi kwa kuinuliwa. Linakabidhiwa kwa ndoo tatu.

Eliwaza hakungoja. Siku ya nne tu, saa nane mchana, mvua ya ubavu ikipiga kama imetumwa, alifika zahanati kwa miguu yake, ameshikwa mkono na Sekela. Kutoka kwake ni hatua mia tatu. Chaula alikaa kwenye benchi barazani, mgongo ukutani, chini ya dirisha lake. Aliisikia mvua ikiligonga. Kila ilipozidi, naye alizidi kukaza meno, akasikiliza kama kuna tone linaloanguka ndani. Hakusikia tone. Alimsikia binti yake, na alimshukuru Mungu kwa kila kelele, maana kelele haikuwa ule ukimya wa njiani.

Kisha alisikia hatua za nesi zikija dirishani, na mkono ukiokota kitu kwenye kizingiti. Akajua ni kiberiti. Njiti ilikwaruzwa mara moja tu, ikawaka, na jiko likaanza kuunguruma. Hapo ndipo Chaula aliinamisha uso kwenye kofia yake akalia, mtu mzima, mchana kweupe, wala hakujificha.

Mtoto alizaliwa kabla maji hayajapoa. Wa kike, mzima, mwenye sauti.

Wazee walikuja na zawadi na maneno. Walimsifu fundi, wakasema mkono wake umeokoa kijiji, na Mzee Fungo akaanza hotuba. Chaula alimkatiza. Aliinuka, akamfuata Sekela aliyekuwa amesimama nyuma mlangoni, mahali pake pa siku zote, akamleta mpaka mbele.

"Mkono ulikuwepo tangu zamani, na chumba kikavuja," alisema. "Mimi nilimpa shemeji yangu kazi, nikamnyima pa kuifanyia. Aliniambia, nikacheka. Nafasi niliyoinyima puti, mvua iliichukua, na kidogo imchukue mwanangu. Kuanzia leo hakuna fremu itakayochongwa kwangu kabla Sekela hajaweka kidole."

Basi. Watu waliyachukua maneno yale, wakayalainisha kidogo yakae mdomoni, yakawa methali. Mkulima anayebananisha mahindi aliambiwa. Baba anayemkatiza mtoto kila anapotaka kusema, aliambiwa. Na dirisha la zahanati lipo mpaka leo. Nendeni mkalitazame, kiberiti cha nesi wa sasa kinakaa palepale.

Sasa turudi kwa bwana harusi wenu. Kijana mzuri, mchapakazi, sina ubaya naye. Alisimama kikaoni akatangaza nyumba ameshaipanga yote: jiko litakaa wapi, mama yake atalala wapi, mke atafanya biashara gani, watoto wangapi. Kila kitu kimebana, hata ukigeuza juu chini hakianguki. Na bibi harusi amekaa pale anatabasamu, kaachiwa njia ya sisimizi. Mlicheka mkidhani Mama Ngogo anazungumzia madirisha.

Yeye hakucheka, yule kijana. Jana nimemwona anapita hapa na ramani ya hiyo nyumba yake kwapani, anakwenda kwa mchumba wake. Nimemwuliza, "Unapeleka nini?" Kaniambia, "Napeleka na kalamu, bibi. Aseme yeye jiko likae wapi."

Nikamwambia nenda, mjukuu wangu, nenda upesi. Nafasi uliyoinyima puti, mvua huichukua.